Hula ya Hawaii: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kuzimwa na kufufuka kwake

Wengi wetu hula tuliiona kwanza kwenye filamu au kwenye tangazo la safari: msichana, shada la maua shingoni, sketi ya nyasi, bahari nyuma yake. Sura hiyo ina historia yake na nitaifikia. Ila kabla yake kuna watu waliozuiwa kucheza ngoma yao kwenye ardhi yao wenyewe, wakaificha majumbani kwa vizazi, kisha wakaitoa tena hadharani. Nimeyakusanya hapa maswali ninayokutana nayo kila ninapoizungumzia.

Hula ni dansi, wimbo au ibada?

Ni vyote hivyo, na vinashikana. Neno la Kiswahili lililo karibu ni ngoma, kwa sababu nalo halitenganishi uchezaji, uimbaji na shughuli yenyewe. Lakini msingi wa hula ni maneno. Shairi huitwa *mele*, na mchezaji kazi yake ni kuyapa maneno ya mele mwili: mkono ukipanda ni mlima, vidole vikiteremka taratibu ni mvua, kiganja kikikunjwa karibu na kifua ni upendo. Mele isiyochezwa, ya kughaniwa tu, huitwa *oli*. Hula bila mele haipo. Ukishika jambo hili moja, historia yote inayofuata itakuwa rahisi kuielewa.

Zamani Wahawaii hawakuwa na maandishi. Nasaba za wafalme, safari za baharini, majina ya visima, ugomvi wa miungu, sifa za mtoto aliyezaliwa jana, vyote vilikaa kwenye mele, na mele zilikaa vichwani na mwilini mwa wachezaji.

Kwa nini unasisitiza maneno wakati watazamaji wengi huangalia kiuno?

Kwa sababu wachezaji wenyewe ndivyo wanavyofundishwa. Chukua mvua. Kihawaii kina mamia ya majina ya mvua, na kila jina lina mahali pake. Kanilehua ni mvua ya mji wa Hilo. Tuahine ni mvua ya bonde la Mānoa. Mtunzi akisema amelowa Tuahine, msikilizaji anajua yuko wapi, na huenda anajua pia amelala na nani, maana mele nyingi zina *kaona*, yaani fumbo. Anayezungumza Kiswahili hahitaji kuelezwa sana hapo. Aliyekulia kwenye taarabu na methali za kanga anajua jinsi wimbo wa ua unavyoweza kuwa habari ya mtu.

Zipo mele za kumsifu mtu kwa jina lake, za maombolezo, za kuita miungu, za mahali. Zipo pia *mele maʻi*, zinazosifu viungo vya uzazi vya chifu, kwa uchangamfu na bila haya, kwa sababu viungo hivyo ndivyo vilivyobeba kuendelea kwa ukoo. Zikumbuke hizi za mwisho.

Ilianzia wapi?

Inategemea unayemuuliza. Watu wa kisiwa cha Molokaʻi husema ni kwao, katika kilima cha Kaʻana, na kwamba mwalimu wa kwanza alikuwa Laka, mungu wa hula. Watu wa Puna, katika kisiwa kikubwa kiitwacho Hawaiʻi, husimulia kuwa Hōpoe alimfundisha Hiʻiaka kucheza katika msitu wa lehua, mti wa maua mekundu, kando ya bahari, na Hiʻiaka akacheza kumfurahisha dada yake Pele, mungu wa volkano. Watu wa kisiwa cha Kauaʻi wana jukwaa la mawe huko Kēʻē, chini ya majabali, ambalo wachezaji hulizuru mpaka leo. Simulizi hizi hazihitaji kupatanishwa, na sijamsikia mwalimu wa hula akijaribu kufanya hivyo.

Zamani mtu alijifunzaje?

Aliingia *hālau*, yaani nyumba ya kujifunzia, na neno hilohilo sasa ni jina la shule au kundi lolote la hula. Mwalimu huitwa *kumu*. Neno *kumu* maana yake ni shina la mti, chanzo, na mwalimu pia.

Ndani ya hālau kulikuwa na madhabahu iliyopambwa majani ya msituni kwa ajili ya Laka, na mwanafunzi aliishi chini ya miiko ya chakula, ya usafi na ya kujizuia na mapenzi mpaka ahitimu. Mahafali, *ʻūniki*, yalikuwa na sherehe na sadaka. Walioimba na kupiga vyombo, *hoʻopaʻa*, walikuwa watu wazima wenye hazina ya maneno, kama manju wa ngoma zetu. Wenye kucheza, *ʻōlapa*, walikuwa vijana.

Desturi moja ya zamani ungali ukiiona leo. Wanafunzi hawaingii darasani hivihivi. Husimama nje ya mlango, wakaghani oli ya kuomba ruhusa. Mwalimu ndani hunyamaza. Sauti zisipokuwa pamoja, au mtu akiwa anaimba huku akili iko kwenye foleni za barabarani, mwalimu huendelea kunyamaza, nao huanza upya. Akiridhika, hujibu kwa oli yake, na hapo ndipo mguu wa kwanza huvuka kizingiti. Mele ya kuomba na mele ya kujibu, basi mlango umefunguka.

Vyombo vyake ni vipi?

*Pahu* ni ngoma ya gogo la mnazi iliyowambwa ngozi ya papa. *Ipu heke* ni vibuyu viwili, kimoja juu ya kingine, vilivyounganishwa shingoni. Mpigaji hukigonga mkekani, kikatoa sauti nzito, kisha hukipiga vidole ubavuni, kikatoa sauti nyepesi. Wanafunzi huitaja midundo hiyo kwa mdomo: *ū* ni ule wa chini, *tē* ni ule wa vidole. *ʻUlīʻulī* ni manyanga yaliyovikwa manyoya. Wanaume wa zamani walivaa miguuni njuga zilizotengenezwa kwa meno ya mbwa, mamia kwa mamia yakishonwa kwenye wavu.

Ninachokipenda zaidi ni *ʻiliʻili*: vijiwe vinne vyeusi vya lava, laini kwa kusuguliwa na bahari. Mchezaji hushika viwili kila mkono, kimoja kati ya vidole, kingine kwenye kiganja, akavigonganisha kwa kukunja mkono. Ukikaa karibu utasikia mlio mkavu mdogo, tk-tk, unaokwenda sambamba na maneno. Kijiwe kikidondoka hakiokotwi katikati ya mchezo.

Wamisionari walifika lini, na walikuta nini?

Walitoka Boston mwaka 1819 kwa meli iitwayo Thaddeus na kufika Kailua, katika kisiwa kikubwa, Aprili 1820. Walikuta nchi iliyotikiswa tayari. Kapteni James Cook wa Uingereza alikuwa amefika mwaka 1778, na nyuma yake magonjwa ambayo miili ya Wahawaii haikuyajua. Kamehameha wa Kwanza, aliyeviunganisha visiwa, alifariki mwaka 1819. Miezi michache baadaye mwanawe Liholiho, akisukumwa na mama yake Keōpūolani na malkia mwenye nguvu Kaʻahumanu, alikaa kula pamoja na wanawake, jambo lililokuwa mwiko mkubwa. Kwa mlo huo mfumo mzima wa miiko ukaanguka, na mahekalu yakabomolewa. Yaani dini ya zamani iliangushwa na Wahawaii wenyewe kabla mmisionari hajashuka melini.

Wamisionari walipoiona hula, waliona mambo matatu: miili isiyofunikwa walivyotaka, sala kwa miungu mingine, na mele maʻi. Waliona pia watu wakicheza badala ya kwenda darasani na kanisani. Hiram Bingham, kiongozi wao, aliiandika kuwa ni uchafu.

Kwa hiyo ni wao walioipiga marufuku?

Swali hili hujibiwa vibaya mara nyingi. Amri ya mwaka 1830 ilitolewa na Kaʻahumanu, Mhawaii, mtawala, aliyebatizwa mwaka 1825. Ilikuwa amri ya mdomo na haikuandikwa kama sheria. Wamisionari walimshauri na walimshangilia, lakini mamlaka yalikuwa yake, na ninadhani tunamdharau tukimfanya kikaragosi. Alikuwa amebomoa dini moja kwa mkono wake, akachagua nyingine, na akaitawala nchi kupitia hiyo mpya.

Wala si machifu wote waliomfuata. Kaʻahumanu alifariki Juni 1832, na mwaka uliofuata mfalme kijana Kauikeaouli, Kamehameha wa Tatu, alitangaza kuwa sauti ya mwisho ni yake, na kwa muda hula ikarudi hadharani pamoja na michezo mingine ya zamani. Baadaye naye akarudi nyuma, lakini tangu hapo amri ile haikuwa na meno kama mwanzo.

Marufuku ilidumu mpaka lini basi?

Hakukuwa na ukuta mmoja uliosimama miaka hamsini halafu ukaanguka. Amri ya 1830 ilififia. Lililofuata lilikuwa gumu zaidi, kwa sababu liliandikwa: leseni. Kuanzia mwaka 1851 maonyesho ya hadhara yalihitaji kibali, na sheria ya mwaka 1859 iliweka ada ya dola 10 kwa kila onyesho la hula na kutoa vibali kwa Honolulu pekee. Aliyekiuka aliweza kutozwa faini kubwa au kufungwa kwa kazi ngumu. Kwa mkulima wa kijijini, dola 10 kwa usiku mmoja ni sawa na kuambiwa usicheze. Na hao wa vijijini ndio waliokuwa na hula.

Sababu iliyotajwa hadharani ilikuwa maadili. Ukisoma malalamiko ya wakati ule utakuta na jambo jingine: kazi. Mashamba ya miwa yalikuwa yameanza kushika tangu lile la Kōloa, Kauaʻi, mwaka 1835, na yalihitaji mikono. Msomi Noenoe Silva, aliyezisoma sheria hizi na magazeti ya Kihawaii ya enzi hizo, ameonyesha jinsi hofu ya dhambi ilivyokwenda bega kwa bega na hofu ya wafanyakazi kukesha kwenye hula na kutofika shambani asubuhi. Wapo pia Wahawaii Wakristo walioandika magazetini wakitaka hula ikomeshwe kabisa, na kuwaacha nje ya habari hii si haki kwa ukweli.

Mwaka 1870 masharti yalilegezwa.

Iliponaje miaka hiyo yote?

Kwa njia mbili, na ya pili huwashangaza wengi.

Kwanza, majumbani. Puna, Kaʻū, Kauaʻi na Molokaʻi kulikuwa mbali na macho ya Honolulu. Bibi alimchagua mjukuu mmoja akamfundisha uani jioni. Keahi Luahine wa Kauaʻi alimlea na kumfundisha hivyo ʻIolani Luahine, aliyezaliwa mwaka 1915, ambaye walimu wengi humtaja kuwa mchezaji mkubwa kuliko wote wa karne iliyopita. Mary Kawena Pukui, aliyezaliwa Kaʻū mwaka 1895, alilelewa na bibi aliyekuwa mchezaji katika nyumba ya Malkia Emma, mke wa Kamehameha wa Nne. Mtoto huyo ndiye aliyekuja kuandika, pamoja na Samuel Elbert, kamusi ya Kihawaii ya mwaka 1957 ambayo kila hālau inaitumia hadi sasa. Ufahamu wa mele na kamusi vilitoka kwenye mkeka mmoja.

Pili, magazeti. Wamisionari walileta herufi ili watu wasome Biblia. Wahawaii walijifunza kusoma kwa kasi ya ajabu, kisha wakazitumia herufi hizo kwa mambo yao. Kati ya mwaka 1834 na 1948 yalichapishwa magazeti yapatayo 100 kwa Kihawaii, na ndani yake watu walituma nasaba, hadithi ya Pele na Hiʻiaka ikaendelea toleo baada ya toleo, na mele zikachapwa neno kwa neno. Waandishi walisema wazi kwamba wazee wanakufa na maneno yatapotea. Walikuwa sahihi kuogopa: surua, kifaduro na mafua vilipita mwaka 1848 na 1849, ndui mwaka 1853, na kufikia sensa ya mwaka 1890 Wahawaii na machotara wao walikuwa wamebaki kama 40,000. Kila mwalimu aliyezikwa alizikwa na mele zake. Magazeti ndiyo yaliyoziokoa zilizookoka.

Mfalme Kalākaua alifanya nini hasa?

Alichaguliwa mwaka 1874, na tarehe 12 Februari 1883 alitawazwa rasmi kwenye kasri jipya la ʻIolani, Honolulu. Sherehe ziliendelea kwa takriban wiki mbili, na aliwaita walimu na wachezaji wa hula kutoka visiwa vyote waje kucheza kwenye viwanja vya ikulu, mchana kweupe, mbele ya mabalozi. Orodha ya mele ilichapishwa kwa Kihawaii. Wapinzani waliisoma, wakakuta mele maʻi, na waliohusika kuichapa wakafikishwa mahakamani kwa kosa la kuchapisha maneno machafu. Fikiria jambo hilo: mwaka 1883 karatasi yenye mashairi ya kumsifu mfalme ilikuwa kesi.

Mwaka 1886, katika kutimiza kwake miaka 50, alirudia tena. Na mwaka 1889 alichapisha Kumulipo, utenzi wa kuumbwa kwa ulimwengu wenye mistari zaidi ya 2,000, uliokuwa nasaba ya ukoo wake.

Kalākaua hakuirudisha hula kama kitu cha makumbusho. Chini yake ilizaliwa *hula kuʻi*, iliyounganisha hatua za zamani na gitaa na sauti mpya. Wareno wa Madeira waliokuja kulima miwa mwaka 1879 walikuwa wameleta kigitaa chao kidogo, na Wahawaii wakakiita ukulele. Mfalme mwenyewe alikuwa mtunzi wa nyimbo, kama dada yake Liliʻuokalani.

Wapinzani walimdhihaki kwa jina la Merrie Monarch, yaani mfalme wa raha. Jina hilo litarudi.

Baada ya ufalme kupinduliwa ilikuwaje?

Kalākaua alifariki San Francisco Januari 1891. Liliʻuokalani alirithi kiti, akapinduliwa tarehe 17 Januari 1893 na kundi la wafanyabiashara na wanasheria, wengi wao wenye asili ya Kimarekani, wakisaidiwa na kuwepo kwa wanajeshi wa majini wa Marekani waliotua Honolulu. Mwaka 1898 Marekani ilivitwaa visiwa.

Kati ya miaka hiyo kuna mwaka 1896, na mimi naamini huo ndio mwaka uliokaribia kuiua hula kuliko 1830. Sheria ya mwaka huo ilifanya Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia shuleni. Watoto waliadhibiwa kwa kusema Kihawaii, na wazazi, kwa kuwapenda watoto wao, wakaacha kuwasemesha. Hula yenyewe haikukatazwa tena. Iliruhusiwa, ikashangiliwa, ikalipwa. Lakini anayecheza alizidi kutojua anasema nini. Wahawaii wana msemo: *I ka ʻōlelo nō ke ola, i ka ʻōlelo nō ka make*. Katika neno mna uhai, katika neno mna mauti.

Hata shule iliyojengwa kwa ajili ya watoto wa Kihawaii haikuwaruhusu wasichana kucheza hula wakiwa wamesimama, na katazo hilo lilifika mpaka miaka ya 1960. Winona Beamer, aliyezaliwa mwaka 1923, aliwahi kufukuzwa shuleni hapo kwa kuicheza. Baadaye alifundisha shule hiyohiyo kwa miongo mingi.

Na ile hula ya watalii?

Ilikua pamoja na meli za abiria, redio na Hollywood. Nyimbo zilitungwa kwa Kiingereza na kuchanganywa maneno machache ya Kihawaii. Mwaka 1937 ulianza huko Waikīkī mchezo maarufu wa Kodak Hula Show, uliofanyika mchana kwa sababu filamu za kamera wakati huo zilihitaji mwanga mkali. Uliendelea mpaka mwaka 2002.

Sipendi kuwalaumu waliocheza pale. Wengi walikuwa na hula mbili: ya mchana kwa wageni, na nyingine nyumbani kwa bibi. Mshahara wa ile ya kwanza ulilisha watoto wa ile ya pili.

Sketi ya nyasi ni ya asili?

Hapana. Iliingia mwishoni mwa karne ya 19 na vibarua kutoka visiwa vya Gilbert, ambavyo leo ni Kiribati. Wanawake wa Hawaii walivaa *pāʻū* ya kapa, nguo ya magome ya mti yaliyopondwa, na wanaume kibwebwe kiitwacho *malo*. Sketi ya majani mabichi ya mmea uitwao ti unayoiona leo ni ya Kihawaii zaidi, ingawa nayo si ya kale sana.

Ufufuo ulianza lini?

Tarehe hutajwa nyingi, lakini miaka ya 1970 ndiyo iliyobadili mambo. Kumbuka Hawaii ilikuwa imefanywa jimbo la Marekani mwaka 1959, mahoteli yakapanda, na vijana wa Kihawaii wakajikuta wageni kwao. Mwaka 1976 mtumbwi Hōkūleʻa ulisafiri hadi Tahiti bila dira, ukiongozwa na nyota. Mwaka huohuo vijana walivuka kwenda Kahoʻolawe, kisiwa ambacho jeshi la Marekani lilikitumia kwa mazoezi ya mabomu, kupinga mazoezi hayo. Hula ilikuwa sehemu ya upepo huo.

Huko Honolulu, Maiki Aiu Lake, mwanafunzi wa Lokalia Montgomery, alifanya jambo ambalo wengine waliliogopa: alifungua darasa la kutengeneza walimu, watu wengi kwa mara moja, wakajifunza mele pamoja na maana yake kwa kuandika, kutafiti na kujibu maswali. Waliohitimu mwanzoni mwa miaka ya 1970 walikwenda kufungua hālau zao, na wanafunzi wao wakafungua nyingine. Leo ukiuliza ukoo wa hālau nyingi za Oʻahu, kisiwa chenye Honolulu, utafika kwake.

Huko Hilo, Edith Kanakaʻole alikuwa ameanzisha Hālau o Kekuhi mwaka 1953. Hula ya nyumba hiyo ni ya Pele: magoti yamekunjwa sana, mwili uko chini, sauti inatoka tumboni. Mwaka 2023 sura yake iliwekwa kwenye sarafu ya senti 25 ya Marekani. Mabinti zake Pualani na Nālani waliuchukua mzigo baada yake.

Tamasha la Merrie Monarch ni nini?

Ni mashindano makubwa ya hula kuliko yote, hufanyika Hilo kila mwaka katika wiki inayofuata Pasaka, na limepewa lile jina alilodhihakiwa nalo Kalākaua. Lilianza kwa shida za riziki. Tarehe 23 Mei 1960 tsunami iliyotoka Chile iliipiga Hilo na kuua watu 61, mji ukadorora, na viongozi wakatafuta kitu cha kuwavuta watu. Tamasha la kwanza, mwaka 1964, lilikuwa na mambo kama shindano la kumfanana Kalākaua kwa ndevu. Mashindano ya hula yaliingizwa mwaka 1971 na Dottie Thompson, pamoja na mwalimu George Nāʻope, ya wanawake peke yao. Mwaka 1976 wanaume waliongezwa.

Usiku wa kwanza hushindana wasichana mmojammoja. Wa pili ni *hula kahiko*, ya kale, kwa oli, ngoma na vibuyu. Wa tatu ni *hula ʻauana*, ya kisasa, kwa gitaa, ukulele na nyimbo za sauti tamu. Jambo ambalo televisheni haikuonyeshi ni makaratasi. Kila kundi hutangulia kuwasilisha kwa majaji maelezo ya mele wanayocheza: nani aliitunga, kwa ajili ya nani, kila mstari una maana gani, kwa nini wamechagua jani hili na si lile kichwani, kwa nini nguo ina rangi hiyo. Kundi linaweza kucheza kama maji yatembeayo na bado likapoteza alama kwa kuyatamka maneno vibaya. Hapo ndipo unaona kilichorudi hasa ni nini.

Wanaume nao hucheza?

Ndiyo, na tangu zamani. Ni katika miaka ya utalii ndipo hula ilipogeuka kuwa picha ya msichana, mpaka kijana wa kiume akaona aibu. Mwaka 1975 Robert Cazimero, kwa kusukumwa na mwalimu wake Maiki Aiu Lake, alianzisha hālau ya wanaume, Nā Kamalei. Tazama wanaume thelathini wakipiga kifua na kukanyaga kwa pamoja kwenye kahiko, sakafu inatetemeka.

Lugha nayo ilirudi?

Inarudi. Kihawaii kilitambuliwa kuwa lugha rasmi ya jimbo mwaka 1978. Mwaka 1984 wazazi na walimu walifungua Kekaha, Kauaʻi, shule ya kwanza ya chekechea ya Pūnana Leo, maana yake kiota cha sauti, ambamo mtoto hasikii lugha nyingine. Wakati huo watoto waliokizungumza walikadiriwa kuwa chini ya 50 visiwani kote. Vizuizi vya shuleni vya mwaka 1896 vilifutwa mwaka 1986, na mwaka 1987 madarasa ya Kihawaii yakaanza katika shule za serikali. Sasa wako wachezaji jukwaani Hilo wanaoiota mele kwa lugha yake, na wako walimu wanaotunga mpya. Hula na lugha zilivutana kamba moja: wengi walikwenda kujifunza Kihawaii kwa sababu walichoka kucheza maneno wasiyoyaelewa.

Asiye Mhawaii anaweza kujifunza?

Anaweza, na wengi wanajifunza. Japani ina wachezaji wengi mno, na San Francisco hālau ya Patrick Makuakāne imekuwepo tangu mwaka 1985. Swali linalowauma walimu ni nani anayeuza na nani anayelipwa, na kama anayefundisha alipewa ruhusa na mwalimu wake. Mwaka 2021 walimu wengi wa hula walikutana na kupitisha tamko la kulinda hadhi na haki za hula. Ukitaka kujifunza, ulizia ukoo wa mwalimu kabla ya ada. Mwalimu wa kweli atakutajia nani alimfundisha, na nani alimfundisha huyo, bila kukasirika.

Hula ina siasa?

Imekuwa nayo tangu mwaka 1830. Mwaka 2019, watu walipoziba barabara ya kupanda Mauna Kea kuzuia ujenzi wa darubini kubwa kwenye mlima wanaouheshimu, walikuwa wakighani oli na kucheza pale barabarani kila siku, wazee na watoto, kwenye baridi, kwa saa maalumu.

Kuna hatari gani sasa?

Gharama za maisha huwahamisha Wahawaii kwenda Marekani bara, na wanafunzi wa hālau huhama nao. Lakini kuna jingine lisilosemwa sana. Ua la hula ni lehua, jekundu, la mti wa ʻōhiʻa, mti ulioutawala msitu wa Hawaii. Tangu mwaka 2014 imejulikana kuwa ukungu wa jamii ya Ceratocystis unaingia kwenye jeraha la mti huo na kuukausha kwa wiki chache. Zaidi ya miti milioni moja imekufa, na ulianza kuonekana Puna, kulekule ambako simulizi inasema Hōpoe alimfundisha Hiʻiaka chini ya lehua.

Kuvunja tawi ni kufungua jeraha. Kwa hiyo tangu mwaka 2016 hālau zinazokwenda Merrie Monarch zimeombwa zisichume ʻōhiʻa. Wachezaji wanapanda jukwaani na majani mengine kichwani, wanasafisha viatu kabla ya kuingia msituni, na mele za lehua wanaendelea kuzighani, mikono ikilionyesha ua ambalo wameliacha mtini.